Majina Katika Jalada

Kazi ya ualimu ni kazi ya majina. Kabla mwalimu hajafundisha hata herufi moja, huandika majina. Huyaandika katika daftari la mahudhurio, katika kitabu cha uandikishaji, katika fomu za mitihani na katika ripoti za wazazi. Na mambo yakiharibika, huyaandika katika kitabu cha adhabu. Mimi niliyaandika kwa muda wa miaka 39, kwanza nikiwa mwalimu wa darasa, kisha mkuu wa shule ya bweni, na hatimaye mkufunzi katika chuo cha ualimu. Nimejifunza kwamba jina likishaingia katika karatasi za ofisi halifutiki kwa urahisi. Huhama pamoja na mwenyewe kutoka shule moja hadi nyingine, na mara nyingi humtangulia kufika.

Kwa sababu hiyo nilisoma kwa makini utafiti wa mtaalamu mmoja wa Marekani, Genny Beemyn, ambao nililetewa na mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa akisomea elimu ya juu huko. Beemyn alikiongoza kwa miaka mingi Kituo cha Stonewall katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst, kituo kilichofunguliwa mwaka 1985 kwa ajili ya wanafunzi wapendao watu wa jinsia yao, na wale ambao jinsi wanavyojitambua hailingani na jinsia waliyoandikiwa siku ya kuzaliwa. Ni jambo ambalo wazee wa rika langu hulizungumza kwa kunong'ona, au hawalizungumzi kabisa. Namwomba msomaji anivumilie. Siandiki ili kumtoa mtu katika imani yake; mimi mwenyewe nimelelewa katika dini na sijaiacha. Naandika kwa kuwa katika historia hiyo nimeona swali linalomhusu kila mwalimu, awe wapi na aamini nini: je, tunalo jukumu gani juu ya majina tunayoyaweka katika majalada yetu?

Kwanza niseme neno juu ya maneno. Jina la Kiingereza ambalo wengi wa wanafunzi hao wanajiita leo lilikuwa tusi miaka 50 iliyopita. Waliotukanwa waliliokota, wakalipangusa, wakalivaa. Kwetu safari ya maneno imekwenda upande wa pili. Katika Kiswahili cha pwani, "shoga" ni mwanamke aliye rafiki wa moyoni wa mwanamke mwenzake. Bibi zetu waliitana hivyo barazani bila mtu kugeuza shingo. Leo neno hilo hilo hutumiwa mitaani kumdhalilisha mwanamume, na wasichana wadogo wamekwisha kuliogopa. Lugha haina kosa. Wasemaji ndio hulipa neno mzigo wa kubeba.

Sasa tuingie katika historia. Tukio lenyewe lilitokea katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1920. Mwezi Mei mwaka huo mwanafunzi aitwaye Cyril Wilcox, aliyekuwa amerudi nyumbani kwao Fall River, alijiua. Baada ya kifo chake kaka yake alifungua barua zilizokuja kwa jina la marehemu, akasoma humo habari za kundi la vijana wa chuoni waliopendana wenyewe kwa wenyewe. Kaka alikasirika. Akamtafuta mwanamume mmoja wa Boston aliyehusiana na marehemu, akampiga hadi akamtajia majina. Majina hayo akayapeleka kwa kaimu mkuu wa chuo cha shahada ya kwanza.

Msomaji aangalie hapa chanzo cha ile orodha. Kulikuwa na barua ambazo hazikuandikwa ili zisomwe na wengine, na majina yaliyopatikana kwa kipigo. Kwa msingi huo, na kwa idhini ya Rais wa chuo, Abbott Lawrence Lowell, liliundwa baraza la watu watano ambalo wenyewe waliliita mahakama. Halikuwa na wakili wala mlango wa rufaa, na halikutangazwa. Vijana waliitwa mmoja mmoja kwa vikaratasi vifupi vyenye saa na chumba. Waliulizwa walilala wapi, walisoma vitabu gani, nani alikuja kuwatembelea, na ni nani mwingine wanayemjua. Kila aliyejibu aliongeza orodha. Mwishoni watu 14 walitiwa hatiani, baadhi yao wakiwa hata si wanafunzi wa chuo hicho. Wanafunzi waliofukuzwa waliamriwa waondoke chuoni, na waondoke hata katika mji wa Cambridge. Mmoja wao, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, alijiua mwezi Juni, kabla hata vumbi halijatua.

Hukumu ile haikuishia langoni. Iliachwa karatasi katika ofisi iliyokuwa ikiwatafutia wahitimu kazi, kwamba mtu yeyote asitoe neno la kuwasifu vijana hawa kabla ya kushauriana na ofisi ya mkuu wa chuo. Mwalimu anayesoma maneno haya ajiulize yana uzito gani. Kijana amehama mji, miaka imepita, ameomba kazi mahali ambapo hakuna anayemjua. Mwajiri anaandika barua kuuliza, na karatasi inajibu.

Kati ya waliofukuzwa alikuwamo kijana ambaye kosa lake lilikuwa kulala chumba kimoja na mmoja wa watuhumiwa. Aliitwa Lumbard. Huyu baadaye alirudishwa chuoni, akasoma sheria, na mwaka 1955 akateuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa ya shirikisho, akafika kuwa Jaji Mkuu wa mahakama hiyo. Namtaja kwa sababu moja tu: ni kipimo cha kile ambacho baraza la siri linaweza kukitupa jalalani. Yeye alirudi. Wengine hatuwezi kujua wangekuwa nini.

Jalada la mahakama ile lilikaa gizani miaka 82. Mwaka 2002 mwandishi wa gazeti la wanafunzi wa Harvard, Amit Paley, alikuta kumbukumbu yake katika nyaraka za chuo. Chuo kilisita kwanza, kisha kikatoa kurasa zipatazo 500, majina ya wanafunzi yakiwa yamefutwa kwa wino mweusi. Wanafunzi wa gazeti walikaa miezi wakilinganisha vipande, wakayafumbua majina na kuyachapisha mwezi Novemba mwaka huo. Rais wa chuo wa wakati huo, Lawrence Summers, alitoa tamko la masikitiko na kulaani yaliyotendeka.

Nimelifikiri sana jambo hili la kuyachapisha majina. Yupo atakayesema kwamba wale vijana walifichuliwa mara ya pili, safari hii mbele ya dunia nzima, wakiwa kaburini na bila kuulizwa. Yupo atakayejibu kwamba mtu aliyedhulumiwa bila jina hana wa kumlilia, na kwamba wino mweusi ulikuwa unawasitiri wadhulumu kuliko waliodhulumiwa. Mimi naelekea upande wa pili, kwa kuwa miaka 82 ilikuwa imepita na waliohukumiwa walikuwa wamekufa. Hata hivyo siwezi kusema kwamba upande wa kwanza hauna haki.

Harvard ilikuwa chuo cha matajiri, na mambo yake yalifanywa kwa sauti ya chini. Huko Florida yalifanywa na serikali. Mwaka 1956 Bunge la jimbo hilo liliunda kamati ya uchunguzi, ambayo watu waliizoea kwa jina la mwanasiasa aliyeiongoza, Charley Johns. Shabaha ya kwanza haikuwa watu hawa tunaowazungumza. Ilikuwa chama cha NAACP, kilichopigania haki za Wamarekani weusi, na ubaguzi katika shule ulikuwa ndio kiini cha ugomvi. Kamati ilidai orodha ya wanachama. Mchungaji Theodore Gibson, kiongozi wa tawi la Miami, alikataa kuileta. Kesi ilikwenda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1963 Mchungaji alishinda.

Kamati ilipoona mlango huo ni mgumu, iligeukia vyuo vikuu. Kuanzia mwaka 1958 wachunguzi waliingia katika Chuo Kikuu cha Florida mjini Gainesville na vyuo vingine vya jimbo, wakiwaita walimu na wanafunzi kuwahoji juu ya maisha yao ya faragha. Kufikia mwaka 1963 walikuwa wamefukuzisha wahadhiri na viongozi wa vyuo 39, na walimu wa shule 71 walikuwa wamenyang'anywa vyeti vya ualimu. Kamati ilivunjika mwaka 1965, baada ya kuchapisha kijitabu ambacho hata waliokuwa wakiiunga mkono walikionea aibu.

Hili lina fundisho ambalo nisingelipata kama ningesoma habari za kundi moja peke yake. Waliotaka orodha ya weusi ndio hao hao waliotaka orodha ya hawa wengine. Tofauti ilikuwa kwamba weusi wa Miami walikuwa na chama, mchungaji na mawakili, na mwalimu aliyeitwa chumbani Gainesville alikuwa peke yake. Wahenga walisema umoja ni nguvu, lakini mtu hawezi kuungana na wenzake ikiwa kutaja jina lake tu ni kujiangamiza.

Mkwamo huo ndio alioukuta mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Jina lake lilikuwa Robert Martin, lakini katika harakati alijulikana kwa jina alilojichagulia, Stephen Donaldson. Mwaka 1966 alilazimika kuhama chumba chake cha bweni kwa sababu wenzake hawakutaka kukaa naye. Akaamua kuunda chama cha wanafunzi. Beemyn ameyachunguza kwa undani maisha ya chama hiki, na mimi naona hapa ndipo utafiti wake unapong'aa.

Sheria ya chuo ilikuwa rahisi: chama kikitaka kutambuliwa, kilete orodha ya wanachama. Wanachama watarajiwa walikataa, na nani angewalaumu? Majadiliano yakasimama kwa miezi. Ndipo Donaldson akapata njia. Aliwaendea viongozi mashuhuri wa wanafunzi, vijana ambao hawakuwa wa kundi hilo kabisa, akawaomba waandike majina yao. Wakaandika. Chuo kikapata orodha yake na kanuni ikatimizwa, ila wale waliokuwa na cha kupoteza hawakuonekana humo. Tarehe 19 Aprili 1967 chama kilisajiliwa, cha kwanza cha aina yake katika chuo cha Marekani. Gazeti la New York Times liliitoa habari hiyo ukurasa wa mbele mwanzoni mwa mwezi Mei, na barua za hasira zikamiminika chuoni.

Waandishi wengi huanzisha historia hii mwezi Juni 1969, polisi walipovamia baa ya Stonewall jijini New York na wateja wakapambana nao. Beemyn anaonyesha kwamba wanafunzi walikuwa wamekwisha kuanza miaka miwili kabla. Mwaka 1968 kilizaliwa chama cha pili katika Chuo Kikuu cha Cornell, na mlezi wake alikuwa Padre Daniel Berrigan, Mkatoliki aliyejulikana kwa kupinga vita vya Vietnam. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Michigan kilifungua ofisi yenye watumishi wa kuwahudumia wanafunzi hawa.

Mimi wananivutia zaidi wale vijana waliotia saini bila kuwa na haja nayo. Historia haikuwakumbuka sana. Walikopesha majina yao. Jina la mtu mwenye heshima ni mali, na wao waliitoa mali hiyo ili jina la mwenzao lisitiriwe. Katika miaka yangu ya kufundisha uraia sikuwa na mfano mzuri kuliko huo wa maana ya kuwa raia.

Mahakama zilifuata nyuma. Mwaka 1972, katika kesi iliyohusu chama cha siasa za mrengo wa kushoto katika chuo cha Connecticut, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kukataa kukitambua chama kwa sababu tu hakipendi mawazo yake. Mwaka uliofuata chama cha wanafunzi hawa katika Chuo Kikuu cha New Hampshire kiliandaa dansi. Gavana wa jimbo, Meldrim Thomson, alighadhibika na kutishia kukinyima chuo fedha. Chuo kikapiga marufuku sherehe zao. Vijana wakaenda mahakamani, wakashinda mwaka 1974, mara ya kwanza na tena kwenye rufaa. Kilichoanza kama ugomvi wa muziki na soda kiliacha kanuni: haki ya kukusanyika haigawiwi kwa kuwapenda watu.

Baada ya vyama na kesi, wakaja watafiti, na kwao karatasi ikapata sura mpya. Mtaalamu Susan Rankin alisambaza madodoso katika vyuo 14 na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Watu 1,669 walijibu. Kati ya wanafunzi wa shahada ya kwanza walioguswa na jambo hili, asilimia 36 walisema wamesumbuliwa katika mwaka mmoja uliotangulia. Asilimia 51 ya waliojibu walisema wamewahi kuficha jinsi walivyo ili wasitishwe. Mwaka 2010 Rankin na wenzake walirudia kazi hiyo kwa upana zaidi, wakapata majibu ya watu zaidi ya 5,000 kutoka majimbo yote 50: asilimia 23 ya wapendao jinsia yao walikuwa wamesumbuliwa au kubaguliwa, dhidi ya asilimia 12 ya wenzao. Mwaka 2011 Beemyn na Rankin walitoa kitabu juu ya maisha ya watu wanaojitambua kwa jinsia nyingine. Walikuwa wamekusanya madodoso ya watu 3,474 na kuwahoji zaidi ya 400 miongoni mwao.

Lililonigusa ni hili. Katika karatasi zote hizo hakuna jina la aliyejibu. Mwaka 1920 mkuu wa chuo alitaka majina, na hakutaka kujua kijana anaishije. Mwaka 2003 mtafiti alitaka kujua kijana anaishije, na hakutaka jina. Karatasi ni ile ile, na maswali mengine yanafanana: unalala wapi, unaogopa nini, nani anakujua. Kinachotofautiana ni karatasi inakwenda wapi baada ya kujazwa. Mtafiti Z Nicolazzo, aliyekaa na wanafunzi tisa kwa miezi 18 na kuandika kitabu mwaka 2017, alificha hata jina la chuo chenyewe. Kuna watakaosema kuwa huo ni udhaifu wa kitaalamu, kwani msomaji hawezi kwenda kuhakiki. Mimi nasema ni amana. Anayekupa siri yake amekufanya kaka.

Baadaye utafiti ulifika mahali ambapo jina lenyewe ndilo tatizo. Mwanafunzi aliyeandikishwa kwa jina la kiume, lakini anaishi na kujijua kuwa mwanamke, hufichuliwa kila asubuhi mhadhiri anapoita mahudhurio. Hakuna baraza wala mpelelezi, ni daftari tu. Chuo Kikuu cha Vermont kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kulishughulikia: mwaka 2009 kiliruhusu mwanafunzi aingize katika mfumo wa chuo jina analoitwa na kiwakilishi anachotaka kitumike. Wahadhiri wa Kiingereza wana taabu hapo, maana lugha yao humlazimu msemaji kuchagua kati ya "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike kila anapomtaja mtu, na wengine wamelazimika kutumia neno la wingi kwa mtu mmoja. Nilipoyasoma hayo nilitabasamu. Kiswahili hakijawahi kuuliza. Tunasema "amekuja", "anasoma", "amefaulu", na mtu ni mtu. Hilo halitufanyi sisi kuwa wema zaidi yao, lakini ni vizuri kujua kwamba nyumba ya lugha yetu ilijengwa na mlango mpana kuliko tunavyoutumia.

Msomaji ataniuliza, haya ya Marekani yanatuhusu nini? Sheria zetu ni nyingine. Tanzania, tendo lenyewe ni kosa la jinai lenye adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha, na watu wengi wanaikubali sheria hiyo. Sikusudii kuijadili hapa. Lakini orodha tumeiona hata sisi. Mwishoni mwa Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo alitangaza kwamba ataunda kamati ya kuwasaka watu hawa, akawaomba wananchi wamtumie majina. Akasema amepokea maelfu ya ujumbe. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba hayo yalikuwa mawazo yake binafsi na si msimamo wa Serikali. Mwalimu anayejua watu atajiuliza: katika maelfu hayo ya ujumbe, ni mangapi yalikuwa majina ya wapangaji wasiolipa kodi, mahawara walioachana, majirani waliogombania mpaka wa kiwanja? Ukifungua sanduku la kupokea majina, majina yatakuja. Chuki haijapata kukosa kalamu.

Kwa upande wa Kenya, tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Upeo iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba haikuwa halali kukataa kusajili shirika la kuwatetea watu hawa kwa sababu tu ya wale linaowatetea. Sheria inayoharamisha tendo ilibaki kama ilivyo. Aliyesoma habari za Columbia na New Hampshire atalitambua swali hilo mara moja, ingawa majaji na nchi ni tofauti. Ni swali la kama watu wanaweza kuandika majina yao pamoja, kwa hiari yao, na kuyapeleka ofisini mchana.

Nami katika ukuu wangu wa shule niliwahi kuletewa orodha. Ilikuwa miaka ya themanini. Barua isiyo na sahihi ilisukumwa chini ya mlango wa ofisi, ikiwataja wavulana wawili wa kidato cha tatu. Mwalimu wa nidhamu alikuwa amekwisha kuisikia habari yake.

"Mkuu, tuwaite usiku huu," alisema. "Tukichelewa watapanga maneno."

"Mwalimu, wewe umeona nini kwa macho yako?"

"Mimi sijaona. Barua ndiyo inasema."

"Basi ilete barua hiyo itoe ushahidi."

Hakupenda jibu langu, na kwa muda alinisalimia kwa kutimiza wajibu tu. Nilimwuliza mlezi wa bweni kama kuna mtoto aliyelalamika kuonewa. Hapakuwa na aliyelalamika. Sikufungua jalada. Wale wavulana walifanya mtihani wao wa kidato cha nne pamoja na wenzao, wakaondoka. Kama barua ilisema kweli au ilisema uongo, sijui mpaka leo, na sikuona kwamba ofisi yangu ilihitaji kujua.

Hapo lazima niweke mpaka wazi, kwa sababu najua wakuu wa shule watasoma kurasa hizi. Mkubwa akimwonea mdogo, mwalimu akimtumia mwanafunzi, mtoto akilazimishwa, hapo hakuna faragha. Mambo hayo nilikutana nayo pia, na mengi zaidi yalikuwa ya wanaume na wasichana. Huko niliita kikao, niliita wazazi, na ilipobidi niliita polisi. Lakini hata huko palikuwa na mlalamikaji, palikuwa na maswali na majibu, na mtuhumiwa alisikilizwa mbele ya watu wanaojulikana kwa majina. Kosa lenye mtu aliyeumizwa huchunguzwa mchana. Baraza linalohitaji usiku na siri huwa mara nyingi halijampata huyo aliyeumizwa.

Nilipokuwa chuo cha ualimu niliwafundisha vijana utunzaji wa kumbukumbu za shule, somo ambalo hakuna aliyelipenda. Walidhani ni habari ya kabati, namba za majalada na masijala. Kama ningepata kulifundisha tena leo, ningewapa habari za Harvard, kisha ningewataka wajiulize maswali matatu kabla ya kuandika jina la mtoto katika karatasi yoyote itakayobaki ofisini. La kwanza, nani ameumizwa? La pili, mwenye jina anaweza kuisoma karatasi hii na kuijibu? La tatu, karatasi hii itasema nini miaka 20 ijayo, mimi nikiwa sipo kuifafanua?

Wale watu watano wa mwaka 1920 hawakuwa majambazi. Walikuwa wasomi na wacha Mungu, waliodhani wanailinda shule yao. Waliandika vizuri, wakahifadhi vizuri, wakaweka tarehe kila ukurasa. Utaratibu wao wa ofisi hauna dosari. Ndiyo maana tunajua leo, bila shaka yoyote, walichokifanya.